Kabla hujanunua pampu nyingine ya bobcat yako

Kuna mteja alitufikia asubuhi na pampu ya haidroliki kwenye boksi, matundu yake bado yana vifuniko vya plastiki. Mashine ilikuwa juu ya lori. "Fundi, nifungieni tu hii, mengine yote nimeshamalizana nayo." Tulimkaribisha chai, lakini pampu hatukuifunga. Ilikuwa ya pili. Ya kwanza alifungiwa kwingine, ikapiga kazi siku 9, ikaanza kulia kama ile iliyotolewa.

Mashine yenyewe ni kipakiaji kidogo cha cheni za mpira, hiki ambacho mtaani kila mtu anakiita bobcat hata kama ubavuni kimeandikwa jina jingine.

Kitu cha kwanza tulichofungua ni filta. Kopo lake tunalikata kwa kikatio kinachozunguka, kama cha kufungulia makopo ya maharage. Msumeno hatutumii, maana unaacha chenga zake mwenyewe halafu unazihesabu kama ugonjwa wa mashine. Tukaikunjua ile karatasi juani. Ilimeta. Chembe nyembamba za rangi ya dhahabu, kama magamba ya dagaa, na sumaku tukiipitisha juu yake hazisogei. Chembe zinazonasa kwenye sumaku ni chuma: beringi, gia, shafti. Hizi za dhahabu ni shaba nyeusi (bronzi), na kwenye mfumo huu zinatoka kwenye viatu vya pistoni na nyuso zinazosuguana ndani ya pampu, au ndani ya mota za cheni, zile zinazozungushwa na oili ya pampu ili cheni zitembee. Hilo "au" ndilo lililomla mteja wetu hela.

Watu husema "pampu" kana kwamba ni moja. Kwenye mashine nyingi za aina hii ziko kadhaa zimefuatana kwenye mstari mmoja. Mbili ni za pistoni, moja inaendesha cheni ya kushoto, nyingine ya kulia. Nyuma yake kuna pampu ya gia inayoinua mkono, kukunja bakiti na kuendesha vifaa vya mbele kama nyundo au brashi. Halafu kuna kadogo kanaitwa chaji, kazi yake ni kuzilisha zile kubwa na kufungua breki. Kwa hiyo ukitupigia simu ukasema pampu imekufa, tutakuuliza kwanza: nini kimekataa?

Kama inatembea vizuri ila mkono unapanda kwa kuvuta miguu, usiguse pampu za cheni. Tunaangalia rilifu, ile valvu inayoachia presha ikizidi. Chenga moja ya uchafu ikikaa kwenye kiti chake, oili inarudi tangini badala ya kwenda kwenye silinda. Tumeshawahi kuisafisha kwa nusu saa na mtu akaondoka na mashine yake.

Kama cheni zote mbili hazina nguvu, au mashine imegoma kabisa kusogea wakati injini inanguruma vizuri, tunapima presha ya chaji. Kwenye mashine nyingi inatakiwa iwe kati ya bar 20 na 30 hivi, ingawa cha kufuata ni kitabu cha modeli yako. Ikiwa chini, breki hazifunguki na pampu kubwa zinakaa na njaa. Sababu inaweza kuwa oili kupungua, filta kuziba, au hozi ya kufyonza imechanika kwa ndani huku nje inang'aa. Na mara nyingine ni meno ya shafti kwenye kaplingi, kile kiungo cha injini na pampu, yameisha, injini inazunguka, pampu imetulia. Zipo mashine zinazozungusha pampu kwa mkanda. Hapo mkanda ukikatika, dalili ni ileile.

Ikivuta upande mmoja tu, tunahakikisha cheni haijakazwa kupita kiasi, kisha tunabadilisha hozi za pampu, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Udhaifu ukihamia upande wa pili, pampu ina makosa. Ukibaki palepale, ni mota. Jaribio hili linafanywa polepole kwenye uwanja mtupu, maana mkono wako wa kushoto sasa unaendesha upande wa kulia.

Ile ya "asubuhi iko sawa, saa nne inachoka" ni kuvuja kwa ndani. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi na inapita kwenye nafasi zilizolika. Hapa tunafunga mita ya mtiririko. Pampu ya gia iliyotoa lita 70 kwa dakika ikiwa baridi, ikishuka hadi 45 ikiwa moto na imebanwa na mzigo, haina cha kujitetea.

Turudi kwa mteja wetu. Tulipima, tukabadilisha hozi, upande wa kushoto ukabaki dhaifu palepale. Mota ya kushoto ndiyo iliyokuwa inamomonyoka. Na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kwenye mzunguko wa cheni, oili ikitoka kwenye mota hairudi tangini kwanza. Inarudi moja kwa moja mdomoni mwa pampu, na ni sehemu ndogo tu inayotoka nje kupoozwa na kuchujwa. Kila chembe iliyobanduka kwenye mota ilikuwa inamezwa na pampu mpya. Ukifunga pampu ya bei kali kwenye mzunguko huo bila kugusa kingine, umeipeleka machinjioni.

Tulimweleza bei ya mota na ya usafi, akanyamaza kwa muda mrefu. Tunaelewa. Lakini kazi ikiwa hivi tunashusha oili yote, tunatoa hozi moja moja na kuzisafisha, tunaosha tangi, na rejeta ya oili mara nyingi tunashauri ibadilishwe, kwa sababu njia zake nyembamba zinaficha chenga. Oili mpya nayo tunaichuja inapoingia. Oili ya kwenye pipa si safi kama watu wanavyodhani. Pampu tunaijaza oili kwenye kasha lake kabla ya kuwasha injini. Ikizunguka kavu sekunde chache tu, inajikwaruza.

Je, pampu ya zamani inatengenezeka? Ndiyo, kama mwili na shafti havijakwaruzika na vipuri vya ndani vinapatikana. Ila tusipopata uso ulionyooka kabisa baada ya kusaga, tunasema wazi tununue.

Jambo moja kwa maopareta: usitafute kuvuja kwa kupapasa hozi na mkono. Tumia kipande cha boksi. Oili yenye presha inaingia chini ya ngozi kwa tundu la sindano, na mtu aliyechomwa hivyo aende hospitali papo hapo hata kama hasikii maumivu. Wala usiingie chini ya mkono ulioinuliwa kabla ya kuufunga kwa kizuizi chake.

Pampu ya kwenye boksi tuliifunga siku ya tano. Baada ya saa 50 za kazi mashine ikarudi, tukatoa filta tukaikata mbele ya mwenyewe. Karatasi ilikuwa na rangi ya oili tu. Aliigeuzageuza juani zaidi yetu.

Ukiona dalili zako, tuambie tatizo linaanza mashine ikiwa baridi au moto, na oili ilibadilishwa lini. Filta ya zamani usiitupe. Itie kwenye ndoo yenye mfuniko, uje nayo.