Barua kwa vijana wa kikundi chetu cha kilimo, Chamwino

Mbukwenyi, wanangu.

Mmoja wenu aliniuliza maana ya "tardy", neno alilolikuta katika kitabu cha Kiingereza. Namjibu mbele ya wote kwa kuwa jambo lenyewe linatuhusu.

Huitwa hivyo mtu au kitu kilichochelewa. Marekani, mwanafunzi akiingia darasani kengele imeshalia, ndivyo anavyoandikwa kwenye rejista. Asili yake ni Kilatini, tardus, yaani mzito wa mwendo, na Waingereza walilipata kupitia Kifaransa. Hata "late" mnalolizoea lilianza na maana hiyohiyo ya uzito na ulegevu. Kwa hiyo maneno yote mawili yalianza kwa kumlaumu mtu kwa mwendo wake.

Kuchelewa kwetu kumetokana na kucha. Aliyechelewa ni yule ambaye kumemkuchia hajaondoka. Mimi naona neno letu lina haki zaidi, kwa sababu mzito wa mwendo akitoka alfajiri atafika.

Tazameni vikao vyetu. Mama anayetembea kwa miguu kutoka ng'ambo ya korongo, mtoto mgongoni, ndiye anayefika wa kwanza. Anakaa chini ya mbuyu, ananyonyesha, mtoto analala, anaamka, na katibu bado hajafungua daftari kwa kuwa akidi haijatimia. Wenye pikipiki ndio tunaowasubiri. Ukiwapigia wanasema "nipo njiani", na nyuma ya simu nasikia maji yakimiminwa kwenye ndoo ya kuogea. Hilo linaniuma kuliko saa zilizopotea, wanangu. Semeni tu kwamba bado mko nyumbani, ili yule mama ajue kama arudi shambani kwake au aendelee kungoja.

Maana shamba nalo halingoji. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mara nyingi hukatika Februari. Mtama uliopandwa mapema hukikuta kiangazi hicho mizizi imeshashika. Uliochelewa hukauka ungali mchanga. Mwenye trekta na mwenye jembe la mkono wote wanapimwa kwa siku waliyoanza.

Jumamosi tunagawana mbegu saa moja na nusu asubuhi. Anayejua hatawahi anipigie Ijumaa jioni, nimwachie jirani yake fungu lake.

Babu yenu