Heri ya Diwali wadau, na kidogo kuhusu yule paa wa dhahabu

Diwali njema majirani zetu wote wa Kisutu na Upanga, na Wagujarati ambao mwaka mpya wao ndo huo unaingia, Saal Mubarak kabisa! Leo usiku hakuna mwezi ndo maana vitaa vya udongo vinapendeza hivi, na stori wengi mnaijua, Rama, mwana wa mfalme, anarudi mjini kwake Ayodhya baada ya miaka 14 uhamishoni, watu wanamwashia taa.

Ila mimi inayonikaa kichwani ni ya kule porini Panchavati, kabla mkewe Sita hajaibwa. Anapita paa wa dhahabu ana madoa ya fedha, Sita anamtaka, akipatikana hai amfuge, akifa basi walau ngozi aikalie. Lakshmana, mdogo wake Rama, anasema wazi huyu sio paa, ni zimwi Maricha kajigeuza, hakuna paa wa hivi duniani. Yaani ameshasema! Na bado Rama anachukua upinde anaenda. Watu tukisikia maya, yaani kiini macho, tunadhani ni kukosa habari, kumbe habari ilikuwepo, kilichozidi ni hamu. Afu Maricha anapigwa mshale analia kwa sauti ya Rama, Lakshmana anasema huo ni uongo, Sita anamporomoshea maneno makali mpaka naye anaondoka, ndo Ravana, mfalme wa mazimwi, anaingia kavaa kama mtawa anayeomba chakula.

Mungu Krishna kwenye Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 2 kaipanga vizuri: ukikiwaza kitu sana unanasa, ukinasa unakitamani, hapo inakuja hasira, hasira inakuchanganya, unasahau unachokijua, akili inakwisha. Ona hasira ilipo, iko katikati. Kwahiyo ukijikuta unamfokea anayekwambia ukweli, jua ulishanasa kitambo.

Na leo wenye maduka ni chopda pujan, daftari jipya la hesabu linawekwa mbele ya sanamu za miungu, Lakshmi wa mali na Ganesh, siku hizi hata laptop inapakwa kidoti chekundu (hapo huwa naishiwa nguvu 😂). Sasa mwenye risiti za kupika sijui anasali nini. Wajaini, dini nyingine ya India, wao wanamkumbuka mwalimu wao Mahavira alivyofikia moksha, yaani kukombolewa kwa roho, mtu wa ukoo wa kitawala aliyeacha kila kitu, na Wajaini wengi ni wafanyabiashara wazuri tu, kwahiyo ishu sio kuichukia hela.

Haya, kuleni barfi na chevda, fataki mwisho saa sita jamani kuna watoto wachanga, na wenye jirani Mhindu nendeni mkawape mkono, sahani haikosekani. Shubh Diwali!