Kibao kinachopinda

Wete, Pemba

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, natumai u mzima wewe na wote nyumbani, na mama mkubwa goti lake limepoa. Huku kwetu hatujambo, alhamdulillahi. Mvua za vuli hazituachi, karafuu tunazianika kwa kuvizia jua.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema shemeji yako anakwenda Dubai na amekubali kukuletea kibao cha raketi ya mpira wa meza, yaani ule ubao wenyewe kabla ya kubandikwa raba, nawe umeshamwandikia kwenye karatasi: "cha kaboni, chenye kasi kuliko vyote." Nakuomba karatasi hiyo uichane kabla hajapanda ndege. Kaboni si mbaya, lakini mie nakujua unavyocheza. Nguvu zako haziko kwenye mkwaju. Wewe unashuka na magoti, unaupangusa mpira kwa juu, nao unapanda, unainama ukishavuka wavu, na ukigusa meza unachupa mbele kama umesukumwa. Hapo ndipo watu wanapokuogopa. Kibao kigumu kitakunyang'anya hicho.

Nayasema haya kwa kuwa yamenipata. Mwaka juzi nilinunua kibao ambacho tabaka lake la nyuzi za kaboni limekaa nje, chini ya ubao wa kwanza tu. Wiki ya mwanzo nilifurahi sana, nikigusa tu mpira unakwenda. Kisha wakaanza kunikatia, mpira wakiukwangua kwa chini uzunguke kinyume. Mpira umekatwa, umekuja chini, nauinua kama nilivyozoea, unaingia wavuni. Naufungua uso wa raketi kidogo, unaruka meza nzima hadi mlangoni. Niliilaumu raba, nikaulaumu mkono wangu, hata joto la chumba cha skuli nikalilaumu. Miezi minne ilipita hivyo. Siku moja nikaazima raketi ya kijana mmoja, mbao tupu, kuukuu, ukingo umemeguka, na mpira wa tatu tu mzunguko wangu ukarudi.

Mpira ukigonga raketi hukaa pale kiasi cha sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ni muda mchache mno, lakini ndani yake ndipo raba inapoushika mpira na kuuzungusha. Kibao kikiwa kigumu, mpira unatemwa kabla hujamaliza kuupangusa. Kikipinda kidogo, unazama, unashikwa, ndipo unatoka. Fikiria upondo wa mtumbwi. Upondo mzuri ukiuegemea unapinda kidogo, kisha ukijinyoosha unakisukuma chombo, nawe unausikia mkononi.

Sasa utaniuliza, kwa nini basi nisinunue mbao tupu yakaisha? Kwa sababu ukirudi nyuma ya meza, mbao tupu inakuchosha. Tangu mpira wa milimita 40 ulipoingia mwaka 2000, na ule wa plastiki mwaka 2014, mzunguko umepungua na mtu anahitaji msaada wa kibao. Kanuni zinataka angalau asilimia 85 ya unene wa kibao iwe mbao ya asili, na tabaka moja la nyuzi lisizidi milimita 0.35. Kwa hiyo kaboni yenyewe ni ukaya mwembamba tu. La kuangalia ni imekaa wapi.

Mwambie shemeji atafute ambacho kaboni imekaa ndani, imegusana na kiini, ule ubao mnene wa katikati. Ukigusa polepole unasikia mbao, ukipiga kwa nguvu ndipo kaboni inaamka. Kampuni ya Butterfly wana vyote viwili: Viscaria nyuzi zake ziko nje, chini ya ubao wa koto ambao ni mgumu, Innerforce Layer ALC nyuzi ni zile zile lakini ziko ndani, na nje ni limba, mbao laini zaidi. Wewe chukua cha aina hii ya pili. Ma Long, bingwa wa Olimpiki wa mchezaji mmoja mmoja Rio na Tokyo, amecheza na Hurricane Long 5 ya kampuni ya DHS, nayo nyuzi zake ziko ndani. Yule naye riziki yake ni mzunguko.

Na unene usiudharau. Mbao zikiwa ni zile zile, kutoka milimita 5.5 hadi 6 ugumu unapanda kwa karibu asilimia 30. Kwako wewe kisizidi 6, na uzito uwe baina ya gramu 85 na 90, maana raba mbili zitaongeza nyingine kama 90 hivi na bega lako nalijua.

Akiwa dukani akitazame ukingoni. Ataona matabaka kama ya chapati ya kusukuma, na mstari mweusi mwembamba, kama umepigwa kwa kalamu. Mstari ukiwa karibu na uso, akirudishe. Ukiwa umeshikana na ule ubao mnene wa katikati, ndicho hicho. Kisha akishike mpini kwa vidole viwili na akigonge kwa kifundo cha kidole. Sauti kali ya juu ni ya kibao kigumu. Anachokitaka ni sauti nzito, iliyoshuka, na mtetemo unaofika mpaka kwenye mpini. Mie nimefanya hivyo kwa vibao vyangu vitatu hapa mezani usiku huu, na kile kilichonitesa kinalia kama bati.

Raba zako za sasa zibandike hizo hizo, usibadili vitu viwili kwa wakati mmoja. Ila kabla ya kubandika, paka vanishi nyembamba, maana unyevu wetu unaingia kwenye mbao, na siku ya kubandua raba nyuzi za mbao hung'oka nayo.

Nitumie picha ya ukingo kabla shemeji hajatoa fedha, hata ikiwa usiku. Na ukija na boti nijulishe mapema, nitakupokea bandarini Mkoani, raketi yangu ninayo mkobani.

Wasalimie wote.

Ni mimi sahibu yako