Mazoezi ya mgongo yaandikwe kwa kipimo

Ndugu Mhariri,

Wagonjwa wengi wa mgongo hutufikia wakiwa na ushauri uleule: pingili zimesagika, pumzika, usiiname, usibebe kizito. Wamepewa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na wengine wameuziwa mkanda wa kiuno. Mama anayeanika dagaa Igombe au kijana anayebeba magunia Mwaloni Kirumba hawezi kuutii ushauri huo hata wiki moja, kwa sababu kuinama ndiko kunakomlisha. Anarudi kazini na maumivu yaleyale, na sasa ana hofu juu yake.

Maumivu yakipita miezi 3 huhesabiwa kuwa sugu. Mara nyingi jeraha la mwanzo, kama lilikuwepo, limekwishapona. Kilichobaki ni neva na ubongo vilivyozoea kuilinda sehemu hiyo, hata mwendo usio na madhara ukauma. Misuli ya kiuno hukakamaa, mtu hubana pumzi kila akiinama, na kadiri anavyokwepa kuinama ndivyo kunavyozidi kumuuma. Picha za vipimo nazo zinahitaji maelezo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa kati ya watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, diski zilizochakaa, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Mgonjwa asipoelezwa hilo, huishia kuuogopa mgongo wake mwenyewe.

Tiba ya mwendo huanza na kiasi. Kwa siku 3, mgonjwa aangalie anatembea dakika ngapi kabla maumivu hayajapanda, achukue wastani, apunguze robo. Wa dakika 20 aanze na 15, siku nzuri na siku mbaya sawasawa.

Kisha mwili ufundishwe kuinama upya. Alale chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Akitoa pumzi abonyeze kiuno sakafuni polepole, akivuta pumzi akiachie. Mara 10, asubuhi na jioni. Taya au shingo ikikaza, anatumia nguvu kupita kiasi. Akizoea, apige magoti na viganja viwe chini, aukunje mgongo kuelekea juu kisha aushushe. Hatua inayofuata ni kusimama na fimbo wima mgongoni, ikigusa kisogo, mgongo wa juu na mfupa wa juu ya matako. Alegeze magoti, asukume nyonga nyuma. Fimbo ikiachia mojawapo ya sehemu hizo, amekunja mgongo badala ya nyonga. Ndipo uje uzito: ainue kwa mwendo huohuo ndoo yenye lita 3 za maji iliyo juu ya kigoda, ikiongezwa lita 1 kila wiki. Kigoda kiondolewe baadaye, na si wiki ile ile ya kuongeza maji, maana maumivu yakipanda haitajulikana kilichoyapandisha.

Kwa kipimo cha 0 hadi 10, maumivu yakipanda kwa alama 2 wakati wa zoezi na kutulia kabla ya saa 24, aendelee. Yakizidi hapo, apunguze theluthi, asiache kabisa. Wengi hukwama hapa: siku kiuno kimetulia wanamaliza kazi za wiki nzima, kesho yake hawainuki, wanaamini mazoezi yamewadhuru. Anayegeuza dagaa afanye sehemu ndogo akiwa amepiga goti moja, abadilishe goti, asimame, kisha aendelee.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unapendekeza elimu na mazoezi kwa maumivu sugu ya kiuno, na haupendekezi mikanda. Diklofenaki ina nafasi yake, ila kuimeza miezi mfululizo bila uangalizi kunaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Wapo wasiopaswa kuanza mazoezi kabla ya kuchunguzwa na daktari: mwenye homa, anayekonda bila sababu au kutoka jasho jingi usiku, kwani kifua kikuu hushika pia pingili, aliyewahi kuugua saratani, aliyeanguka vibaya. Anayeishiwa nguvu miguuni, kufa ganzi sehemu za siri, kuzuiliwa mkojo au kushindwa kuudhibiti apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Huku ziwani tuongeze kichocho, ambacho mayai yake yanaweza kuudhuru uti wa mgongo na kuanza kwa maumivu ya kiuno tu.

Tunawaomba madaktari na wauguzi wa mkoa huu waandike mazoezi kama wanavyoandika dawa: zoezi gani, mara ngapi kwa siku, dalili gani ya kupunguza, na tarehe ya kurudi kupimwa. Nawe Mhariri, ukurasa wako wa afya ukitenga nafasi, tuko tayari kuandaa michoro ya hatua hizi ichapishwe bila malipo.

Wataalamu wa fiziotherapia,
Ilemela, Mwanza