Friza yetu, na laini yako ya zamani

Kisumu, Jumatano jioni

Ndugu yangu Wafula,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo, watoto wamefunga shule, na Mzee Odongo angali anadai kwamba uliondoka na mwavuli wake. Nimekaa miezi mingi bila kukuandikia na sina udhuru wa maana. Leo nimelazimika kwa sababu friza yetu ya nyuzi 80 chini ya sifuri, ile ya sampuli za damu ya watoto wa utafiti wetu wa malaria, ilizima Jumamosi usiku, na tulipofungua maabara Jumatatu asubuhi maji yalikuwa yamefika kwenye miguu ya meza ya Achieng'.

Stima ilipotea, jenereta ikawaka kama kawaida, lakini swichi ya chumba kile haikujirudisha. King'ora kilifanya kazi yake, kikapiga simu usiku kucha, ila kilikuwa kikiipigia laini yako, ile uliyoiacha ulipohamia Nakuru. Sikuandikii ili nikulaumu. Fomu ya kubadilisha nambari imekuwa mezani pangu tangu uondoke, na juu yake nimekuwa nikiweka kikombe cha chai.

Hasara haikulingana. Chembe nyeupe ziko salama, maana tangi la naitrojeni halitegemei umeme bali mtu wa kuliongeza. Plazima, yale majimaji ya damu, iliyeyuka, lakini kingamwili zilizomo ni protini zenye ustahimilivu. Jana nilipima sampuli chache nikapata vipimo vinavyokaribiana na vya awali. Kilichokwenda ni RNA, ile nakala ya muda inayoonyesha ni jeni zipi zinazotumika. Wajua jinsi vimeng'enya vinavyoikatakata vilivyo kila mahali, hata kwenye vidole vyetu. Nilipoipitisha kwenye jeli, pale tulipozoea kuona mistari miwili iliyo wazi niliona ukungu mtupu, na vibandiko vya mirija, vyenye mwandiko wako, vilikuwa vimechuja wino hadi nikashindwa kutofautisha 3 na 8.

Kinachoniuma ni kwamba swali letu lote lilikuwa ndani ya RNA hiyo. Kimelea cha malaria kina jeni za kundi liitwalo var zipatazo 60, na kwa kawaida hutumia moja tu kwa wakati kuunda protini inayotokeza juu ya chembe nyekundu. Kinga ikishaitambua, kinabadilisha vazi. Madoa ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi yatatupatia DNA, nayo itatuonyesha kabati lina nguo gani, lakini haitatuambia siku mtoto alipolazwa kimelea kilikuwa kimevaa ipi. Kingamwili tunazo, vazi zilizolikabili hatulijui. Wala hatuwezi kurudi kuchukua damu nyingine, kwa kuwa homa ile ilishapita na watoto wenyewe sasa wanakwenda shule.

Unamkumbuka yule mama wa mapacha kule Ahero, aliyeuliza kwa nini tuendelee kuwachoma watoto sindano ilhali chanjo imekuja? Ulimweleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza: kwamba chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyoanza kutolewa Homa Bay Septemba 2019, hukilenga kimelea kabla hakijaingia kwenye chembe nyekundu, na sisi tunafuatilia vile vinavyopenya. Akakubali, akamshika mtoto mkono, akasema, "Mkishaitoa damu, muitunze." Hapa ofisini wanaona ripoti ya kurasa mbili inatosha. Mimi naona twende Ahero tuwaambie wazazi ana kwa ana, ingawa nikifikiria uso wa mama yule...

Sasa nina ombi. Kabla hujahama tulinakili sehemu ya RNA kuwa DNA, ukabeba boksi moja kwa ajili ya mazoezi ya wanafunzi wako. Nakala hizo hustahimili mambo ambayo RNA haiwezi kuyastahimili. Je, boksi lipo bado, au wanafunzi wamelimaliza? Lilihifadhiwa kwenye friza ya kawaida au liliachwa kwenye jokofu? Daftari lako la nambari za mirija unalo, na kwako 3 na 8 zinatofautiana? Nikija Ijumaa na barafu kavu, nitakukuta? Na tukienda Ahero, utafuatana nami, hasa kwa kuwa mama yule alikuwa akizungumza nawe?

Mwavuli wa mzee nao uutafute.

Ni mimi nduguyo,
Ochieng'