Kaka, kanda ilikuwa bado haijaisha

Kaka yangu,

Simu zangu hupokei, na grupu la familia umelihama tangu Ijumaa ile. Lakini najua hapa unapita kila Jumapili kutafuta makosa yangu ya tahajia, basi nakuandikia hapahapa, mbele za watu. Jina sikutaji. Watakaokujua watakujua kwa ubishi.

Mwanao alinipigia usiku. Unawajua watoto wetu, jambo zito hawampelekei baba, wanampelekea shangazi. Akaniambia vipimo vimetoka, anafaa kukupa figo, madaktari wameridhika, ila baba hataki hata kumsikiliza. Nikamuuliza umesema nini hasa. Akanyamaza kidogo, halafu akasema ulimjibu kwamba huwezi kuishi kwa kumla mwanao.

Sikuandikii mahubiri. Wa kukuhubiria wapo, tena wengine wana njaa ya kazi hiyo. Nataka tuzungumze habari za Scarface, yule rapa wa kundi la Geto Boys.

Usigune. Ni wewe uliyemleta nyumbani. Mwaka 1993, mimi darasa la sita, wewe kidato cha tatu, umerudi likizo na kanda ya TDK aliyokurekodia mtoto wa baharia mmoja wa Chumbageni. Kwenye jalada uliandika kwa kalamu nyekundu "Gheto Boizi". Redio ya mama ilikuwa inatafuna kanda ukiweka upande B, kwa hiyo likizo nzima tulisikia upande A. Wimbo mmoja ulikuwa unausimamisha, unaurudisha, unaandika kwenye kaunta buku, unausimamisha tena, mpaka mama akatishia kuitupa redio kisimani. Hiyo kaunta buku ninayo mimi. Juu kabisa umeandika "Maindi Plei Triksi", yaani Mind Playing Tricks on Me, na nusu ya mistari ni vistari vitupu, maana Kiingereza cha mitaa ya Houston shuleni hukufundishwa.

Ulinitafsiria ulichokishika. Jamaa yuko chumbani peke yake, usingizi hauji, anahisi kuna mtu anamfuata, na kadiri wimbo unavyokwenda unaanza kushuku kwamba anayemfuata ni yeye mwenyewe. Nikakuuliza, sasa huyu ndiye mhuni? Mbona mwoga? Ukanijibu kwamba hapo ndipo alipowazidi wenzake. Wote wanajisifu, huyu anakiri.

Ulikuwa sahihi kuliko ulivyojua. Scarface, jina lake halisi Brad Jordan, alizaliwa Houston, Texas, Novemba 1970. Wimbo ule ulipotoka mwaka 1991 hata miaka 21 alikuwa hajafikisha, na wewe ulikuwa unamwita "mzee". Utotoni alijaribu kujiua, akalazwa kwenye wodi ya wagonjwa wa akili. Ameyasimulia mwenyewe, hadharani. Na yale maneno ya jina la wimbo, ya akili kumchezea mtu, amesema aliyasikia kwa bibi yake. Sehemu kubwa ya mashairi ya wimbo ule aliyaandika yeye, akiuwekea albamu yake mwenyewe, kisha ukaenda kwenye kundi. Wakati ule New York na Los Angeles zilikuwa zinagombania kiti cha rap, na watu wa Kusini mwa Marekani walikuwa wanahesabiwa washamba. Kampuni iliyomlea, Rap-A-Lot ya James Prince, ilikuwa ya hapohapo Houston. Mwaka 1990 kampuni ya Geffen walikataa kuisambaza albamu ya Geto Boys kwa ukali wa maneno yake, na kwa kweli yalikuwa makali. Mimi nikiwa mwanamke, kuna mistari yao sitaki kuisikia mpaka leo, na hilo tulishagombania vya kutosha.

Mengine unayajua. Albamu yake The Untouchable ya 1997 ilishika namba moja Marekani nzima. Kampuni ya muziki ya Def Jam walipofungua tawi la Kusini walimpa yeye aliongoze, na rapa Ludacris akapitia mikononi mwake. The Fix ya 2002 ulinisimulia kwa saa nzima siku niliyokuja kukuomba nauli. Mwaka 2019 akagombea udiwani Houston, akafika raundi ya pili, akashindwa. Hapo ulicheka sana.

Nataka nirudi kwenye The Diary, ya 1994. Baba alipofariki, wewe ulijifungia chumba cha uani na ile albamu, na wimbo wake mmoja juu ya mtu anayekata roho, na sauti inayomsindikiza kwa upole mpaka mwisho. Nilikuwa nje ya mlango na sahani ya wali. Ulipofungua uliniambia, "Huyu jamaa kifo ameshakizoea." Nadhani ndipo ulipojifunza kwamba mwanaume akiitwa anavaa viatu anaondoka, habughudhi mtu.

Kumbe kanda ilikuwa bado haijaisha, wewe ndiye uliyeacha kusikiliza. Machi 2020 Scarface alipata korona. Mapafu yakaelemewa, akanusurika, lakini figo zikagoma. Akaanza kuchujwa damu kwa mashine, kama wewe. Mshipa wa mkono ukiwekwa vidole unavuma kama friji, unakijua vizuri hicho kitu. Yule mtu ambaye tangu kijana aliandika kifo kama jirani yake, unadhani alivaa viatu? Oktoba 2020 aliingia Twitter akasema anahitaji figo, nani wa kujitolea. Akaandika na kundi lake la damu, B+. Mbele ya dunia nzima, na jina lile la kutisha, kama mtu anayeulizia fundi bomba.

Na aliyempa ni mwanawe. Chris. Septemba 2021.

Nimeirudia habari hiyo mara nyingi wiki hii. Si kwa sababu ya mtoto, watoto wana moyo huo, wako anao pia. Ninamwazia baba. Siku ile mwanawe alipomwambia "chukua yangu", yeye alilazimika kusema ndiyo. Kwa mtu wa aina yake, na wa aina yako, hilo neno lina uzito kuliko figo.

Najua unachoogopa. Unaogopa akiumia utajilaumu mpaka kaburini. Ni woga wa haki, upasuaji si kunyoa nywele, na mimi siwezi kukuahidi lolote. Lakini swali hilo muulize daktari, na mwanao akiwa amekaa pembeni anasikia, usimfungie mlango mtu mzima wa miaka 24. Zamani ungejificha nyuma ya nauli ya India. Tangu 2017 Muhimbili wanapandikiza, na Dodoma pia wanafanya, kwa hiyo hata kisingizio hicho kimechakaa.

Desemba 2023 Scarface alikwenda Washington, kwenye ofisi za redio ya NPR, akapiga shoo kwenye kile kipindi chao cha dawatini, Tiny Desk. Bendi kamili nyuma yake, nyimbo zile zile za enzi zetu, sauti nzito vile vile. Nilitazama kwenye simu nikiwa jikoni, vitunguu vikaungua. Nilikuwa naangalia mtu mwenye miaka 53 anayetembea na kipande cha mwanawe ubavuni, anatabasamu, hakuna aliyeliwa pale. Niliwahi kukutumia. Alama mbili za buluu zilitokea, jibu halikuja.

Jumanne ni zamu yako ya mashine. Nitapanda basi la alfajiri, nitafika kabla hawajakuunganisha, na kijana nitakuwa naye. Usimfukuze. Kaunta buku ninakuja nayo. Ukurasa wa tatu kuna mstari uliouachia alama ya kuuliza tangu 1993. Mwanao ameusikiliza kwa spika za masikioni, anasema ameupata.

Dada yako