Huduma ya macho isiishie gati la Nansio

Mhariri,

Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mgonjwa wa Sengerema anayepewa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, hakai tena foleni ya kivuko. Tunashukuru. Lakini kwa watu wa visiwa vya Ukara, Irugwa, Kome na Maisome maji yako palepale, na kambi ya macho ikitangazwa redioni, mara nyingi huwekwa kule gari linakofika. Naomba nafasi niseme na wanaopanga huduma hizi, hasa halmashauri za Ukerewe (makao yake Nansio) na Buchosa.

Upasuaji wa mtoto wa jicho (lenzi ya jicho iliyoingia ukungu) wenyewe ni mfupi. Kazi iko kabla na baada. Kabla, jicho lipimwe urefu na mkunjo wa kioo chake cha mbele, ili lenzi ya bandia ichaguliwe kwa namba ya mgonjwa huyo. Kambi yenye haraka ikiwawekea wote lenzi ya namba ileile, wapo watakaobaki na ukungu usioondoka bila miwani, na majirani wakiwaona watasema upasuaji hausaidii. Presha ya jicho nayo ipimwe. Ikishaua mshipa wa fahamu, hata lenzi nzuri hairudishi kitu.

Baada ya upasuaji bendeji hufunguliwa kesho yake. Hufuata matone ya kuzuia maambukizi na uvimbe kwa takribani wiki nne, yakipunguzwa taratibu. Mgonjwa aonekane tena baada ya wiki moja, kisha kati ya wiki ya nne na ya nane apimwe miwani. Maambukizi ya ndani ya jicho ni nadra, ila yakitokea, mara nyingi huwa ndani ya wiki ya kwanza: jicho linauma, linaiva, na kuona kunapungua badala ya kuongezeka. Hapo zinahesabiwa saa, si siku. Wakati huo timu imeshafungasha vifaa na mgonjwa yuko kisiwani anasubiri ziwa litulie, au anashauriwa aoshe jicho kwa maji ya majani. Kambi isiyoacha namba ya simu inayopokelewa, pamoja na nauli ya rufaa ya dharura, isiruhusiwe kugusa jicho la mtu.

Kuchuja wagonjwa hakuhitaji kambi. Zahanati inahitaji kadi ya herufi E (mgonjwa anaonyesha meno ya E yameelekea wapi), kamba ya mita 6, kitu cha kuziba jicho moja, na kipande cha karatasi ngumu chenye tundu la milimita moja hivi. Pima kila jicho peke yake, mahali penye mwanga wa kutosha. Asiyeona mstari wa 6/12 (ule ambao jicho zima huuona kwa mita 12, yeye akiwa mita 6) mpe achungulie tunduni: akiona vizuri zaidi, huyo huenda shida yake ni miwani; asipoona zaidi, mpe rufaa. Kinachoharibu vipimo ni kamba iliyofupishwa kwa sababu chumba ni kidogo, na chati iliyobandikwa ukutani hadi watoto wameikariri. Ndiyo maana kadi ndogo inayozungushwa mkononi ni bora. Mtoto mwenye mboni nyeupe asisubiri kambi yoyote. Inaweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa, inaweza kuwa saratani, na vyote viwili vinataka hospitali kubwa mapema.

Kuna la rahisi zaidi ambalo linashangaza kuona halifanyiki: miwani ya kusomea, +1.00 hadi +3.50, kwa waliopita miaka 40. Fundi nyavu asipimwe kwa gazeti. Mpe uzi na sindano yake. Mama wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, mpe dagaa achambue, au mchele. Anza na namba ndogo kabisa inayomwezesha kufanya kazi kwa umbali wake wa kawaida, kwani ukizidisha atalazimika kuvuta kazi karibu na pua na kichwa kitamuuma. Boksi moja la miwani hii kwenye zahanati litawapunguzia wengi safari ya kuvuka maji.

Daftari la kambi nalo liandike jinsia na kisiwa anachotoka mgonjwa. Duniani wanawake ni zaidi ya nusu ya watu wenye matatizo ya kuona, na katika nchi nyingi maskini ndio wanaokosa upasuaji zaidi. Hapa kwetu sababu haijifichi: bibi akilala Nansio siku mbili, wajukuu na dagaa walioanikwa anamwachia nani, na nauli iko mfukoni mwa nani? Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka malengo ya macho ya kufikiwa ifikapo 2030, na kwa mtoto wa jicho anayehesabiwa ni aliyepasuliwa akaona vizuri, si kila aliyepanda kitandani.

Ninachoomba ni siku moja ya kudumu ya kliniki ya macho kila mwezi katika vituo vya afya vya visiwani, ipangwe kwa ratiba ya kivuko (kwa Ukara, safari za Bugolora–Bwisya) na si kwa ratiba ya wafadhili. Na nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake iingizwe kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, kwenye kifungu kilekile kinachonunua matone.

Muuguzi wa macho,
Nyamagana, Mwanza